Koti la Msuluhishi

Mlango wa mahakama ulifunguka, na aliyeingia hakuwa bosi, wala fundi wa mashine, wala yule mtu wa stoo ambaye wasomaji wengi walimshuku. Alikuwa Wifi.

Naam, Wifi. Dada yake mume wa Mama Mvuke, baba mmoja mama mmoja. Mtu aliyekula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja wakati wa msiba.

Mama Mvuke alinyanyuka nusu, akakaa tena. Alimshika mkono Katibu wa chama cha wafanyakazi aliyekaa pembeni yake.

"Huyu ndiye aliyeapa?"

"Ndiye," alisema Katibu. "Mimi nilidhani ni wa stoo."

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha, mama. Tulia kwanza."

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo yalivyo ni haya. Mama Mvuke ni mpiga pasi katika kiwanda cha dobi, kile kinachofua mashuka ya mahoteli na mahospitali. Walimfukuza kazi siku aliyoizima mashine kubwa ya roli, ile inayovuta shuka kati ya magogo ya chuma yenye moto, na kuwaambia wenzake wasogee mbali. Alifanya hivyo kwa sababu kinga ya vidole ilikuwa imefungwa kwa waya, ili mashine isikatishe kazi kila mara. Kampuni ikasema kachochea mgomo. Shauri likaenda kwa msuluhishi, mzee mmoja mpole aliyekubaliwa na pande zote mbili, naye akaamua mama arudishwe kazini na waya ule ufunguliwe.

Wanasheria huuita uamuzi wa namna hiyo tuzo. Mama Mvuke alipolisikia neno hilo mara ya kwanza, aliuliza kikombe kiko wapi.

Kikombe hakikuwapo, na kazi hakurudishiwa. Kampuni ilikimbilia Mahakama ya Kazi kuomba tuzo ifutwe. Sababu yake ilikuwa moja: siku ya kuzuru kiwanda, msuluhishi aliingia na koti lililokunjamana, akatoka na koti lililonyooka. Kuna mfanyakazi aliyekula kiapo kuhusu jambo hilo, na Jaji akataka aletwe ahojiwe.

Ndiyo maana mlango ulifunguka.

Wifi alipita bila kumtazama mtu. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono ilikuwa kama wembe. Aliapa, akakaa, akaweka mikono mapajani.

Wakili wa kampuni alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye sauti ya adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyomchosha Mama Mvuke kuliko matusi.

"Shahidi, umeapa kwamba koti la msuluhishi lilipigwa pasi mle kiwandani. Lilipigwa na nani?"

"Na mimi."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi.

"Alilipa?"

"Alipe nini? Kwetu mgeni halipishwi."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Ni kawaida yetu. Mtu akiingia chumba cha mvuke na makunyanzi, hatoki nayo. Aje mkaguzi wa zimamoto, aje fundi wa bomba, tunamvua koti. Hata yule aliyeleta barua ya kumfukuza kazi huyu, tulimnyoosha kola kwanza, ndipo tukalia."

Watu walicheka. Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuwakataza.

"Kawaida hiyo ulifundishwa na nani?" aliuliza wakili.

Kwa mara ya kwanza Wifi aligeuza macho.

"Na yeye."

"Yeye nani? Mwandishi wa mahakama hawezi kuandika macho."

"Mama Mvuke. Wifi yangu. Nilipoanza kazi aliniambia, sisi mashuka yetu hayana jina, hakuna anayelala hotelini akajua nani kayanyoosha. Basi angalau mtu anayetuona kwa macho atoke hapa amenyooka."

"Ahsante." Wakili aligeukia meza ya Jaji. "Mheshimiwa, siku ile mfanyakazi aliyefukuzwa alikuwa nje ya geti. Lakini mkono wake ulikuwa ndani."

Akakaa.

Mama Mvuke alihisi masikio yanamwaka. Alichofundisha kwa moyo mweupe kilikuwa kimesimamishwa pale mbele ya watu, kikavishwa sura ya hongo.

"Katibu, sema kitu!"

"Nasema."

Katibu hakuwa wakili wa vyuoni. Alikuwa dereva wa zamani aliyesimamia mashauri ya wanachama wake kwa kusoma na kuuliza, na siku hiyo alikuwa na karata moja. Aliinuka, akavuta suruali juu.

"Wifi... samahani, shahidi."

Kicheko kingine.

"Siku ile walikuja wageni wengi. Walikuwa na makunyanzi?"

"Wote. Walikuwa wamebanana kwenye gari."

"Ukiacha koti la msuluhishi, ulipiga pasi koti la nani mwingine?"

Wifi alimtazama Jaji. "Niseme?"

"Sema tu."

"La huyo wakili aliyekuwa ananiuliza."

Mahakama iliripuka. Mzee mmoja wa benchi la nyuma alipiga goti lake kwa kofi. Wakili wa kampuni alijitazama kifuani kama mtu aliyemwagikiwa chai.

"Ni koti hilohilo?" aliuliza Katibu, sasa anafurahia.

"Hilohilo. Lilikuja na kifungo kinaning'inia, nikakikaza."

"Wakili," Jaji alisema, "ulilipa?"

"Sikulipa, Mheshimiwa. Lakini mimi si msuluhishi. Mimi sikuwa natoa uamuzi."

"Hilo ni kweli." Jaji aliandika kidogo. "Hata hivyo, jambo linalotendwa kwa kila anayeingia, mwenyeji na mpinzani, ni vigumu mahakama kuliita hongo. Nadhani koti limeshajibiwa."

Mama Mvuke alivuta pumzi ndefu. Limejibiwa! Aliuona mlango wa chumba cha mvuke, akaiona aproni yake kwenye msumari. Alimvuta Katibu koti kwa nyuma ili akae.

Laiti Katibu angekaa.

Lakini kicheko cha watu kilikuwa kimempanda kichwani, na mtu anayeshangiliwa hukosa breki. Alitaka kumalizia kwa madaha.

"Swali la mwisho, dogo tu. Mzee wa watu alipokuwa anangoja koti lake, alikaa zake kimya kwenye kiti, sivyo?"

"Hapana," alisema Wifi. "Hakukaa."

"Alisimama basi."

"Alisimama kwenye mashine ya roli. Akaniuliza, kinga yenyewe iko wapi? Nikampeleka upande wa nyuma, nikamwonyesha waya."

Wakili wa kampuni aliinua kichwa polepole. Ilikuwa dhahiri kwamba na yeye analisikia leo.

Jaji aliweka kalamu chini. "Wakati unamwonyesha, alikuwapo nani mwingine?"

"Mimi na yeye, Mheshimiwa. Na pasi."

"Mtu wa kampuni?"

"Walikuwa wote ofisini kwa meneja, wanakunywa soda."

"Na mwakilishi wa mfanyakazi?"

Wifi alimwonea huruma Katibu. "Naye alikuwa kwenye soda."

Katibu alitazama viatu vyake.

"Mlipokuwa kule nyuma mlizungumza nini?"

"Aliniuliza nani alifunga waya. Nikamwambia ni msimamizi, kwa koleo, mbele yetu. Akasema ahsante binti, akavaa koti lake, akaenda."

Jaji alifunua karatasi za uamuzi wa msuluhishi, akasoma kwa sauti: "'Nimeridhika kwamba kinga ilifungwa kwa waya na msimamizi.' Nilikuwa najiuliza aliridhikia wapi, maana kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya pande zote sikupaona. Sasa nimepaona."

"Lakini ni kweli!"

Aliyepaza sauti alikuwa Mama Mvuke. Alikuwa amesimama bila kujua.

"Mama, kaa," alisema Katibu.

"Sikai! Ni kweli, Mheshimiwa. Waya upo. Twende tukaone sasa hivi. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Kama waya haupo nifungeni mimi."

Jaji hakukasirika. Alingoja mpaka mama akaishiwa pumzi.

"Nimekusikia, mama. Nisikilize na mimi. Swali la kama waya upo, na kama ulifukuzwa kwa haki, nyinyi wawili mlikubaliana kumpa msuluhishi. Hamkulileta kwangu. Mimi nimeletewa swali jingine: je, alilijibu kwa namna iliyo sawa kwa wote? Mahakama hii haikai juu ya msuluhishi ili ifanye kazi yake upya. Ikifanya hivyo, hakuna atakayekwenda kwa msuluhishi tena."

"Kwa hiyo ukweli hauna kazi hapa?"

"Una kazi. Ila lazima usemwe mbele ya anayeshitakiwa, ili naye ajibu. Kama msuluhishi angeonyeshwa kitu na meneja, kwa siri, wewe ukiwa nje ya geti, akakiandika kwenye uamuzi wake, ungekubali?"

Mama Mvuke alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, na lilikuwa la upande mwingine. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akakaa.

"Tutapumzika," alisema Jaji. "Nikirudi nitatoa uamuzi."

Kwenye ukumbi wa nje kulikuwa na benchi moja, na kila aliyekaa alikuwa na bahasha kifuani. Wifi alisimama karibu na dirisha. Mama Mvuke alimwendea moja kwa moja.

"Nimekukosea nini, wifi? Niambie leo, mbele ya watu. Nilikunyima nini?"

"Wifi, punguza sauti."

"Sipunguzi. Mwezi mzima unakuja kwangu, unakunywa chai yangu, unaniuliza kesi inaendeleaje. Kumbe kesi unaiendesha wewe!"

"Sikujua watalitumia hivi. Msimamizi aliniuliza, nani alinyoosha koti la yule mzee? Nikasema mimi. Nilidhani ananisifu. Siku ya pili akaja na karatasi, akasema tia sahihi, ni kweli au si kweli? Nikasema ni kweli. Kuna uongo gani nilioutia sahihi?"

"Na hukuona la kuniambia?"

Wifi alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua.

"Aliniahidi kitu," alisema mwishowe.

"Hapo sasa. Alikuahidi nini?"

"Kunitoa kwenye roli."

Mama Mvuke alitazama vidole vya Wifi.

"Ulipoondoka, nani ulidhani anasimama pale?" Wifi alinyoosha mikono mbele. "Mimi. Nikilisha shuka, naona vidole vyangu vinavyokaribia. Nikirudi nyumbani nahesabu vidole kama mwendawazimu. Wewe ulikuwa na moyo wa kuizima. Mimi sina. Aliposema atanipeleka meza ya kukunjia, ningeapa hata kwamba jua ni mraba."

Hasira haikumtoka Mama Mvuke, lakini ilipoteza mahali pa kukaa. Angemkasirikia Wifi, angekasirikia Katibu na soda yake, angemkasirikia mzee wa watu aliyeuliza swali la haki saa isiyo ya haki. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Aliyebaki bila kitu alikuwa yeye peke yake.

"Wifi," alisema Wifi, "kuna jambo jingine. Nilitaka nikwambie tangu juzi..."

"Sitaki jambo jingine. Haya yananitosha."

"Ni kuhusu..."

"Simameni!" Karani alikuwa mlangoni. "Mheshimiwa anaingia."

Jaji alisoma taratibu. Alisema koti si hoja, na kampuni isilitaje tena. Mama Mvuke akashika ukingo wa benchi. Jaji alisema msuluhishi ni mtu mwaminifu na hakuna aliyethibitisha vinginevyo. Katibu akaitikia kwa kichwa, kwa matumaini. Kisha Jaji akasema neno "lakini", na kila kitu kilichofuata kilikuwa cha upande wa pili.

Lakini msuluhishi alichukua ushahidi pande zote mbili hazipo. Lakini ushahidi huo ndio alioutegemea. Lakini kampuni haikupewa nafasi ya kuujibu. Kwa sababu hiyo tuzo imefutwa, na shauri litaanza upya mbele ya msuluhishi mwingine.

"Upya?" Mama Mvuke alinong'ona. "Kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanzo," alisema Katibu.

"Mwanzo upi? Ule wa fomu?"

"Ule wa fomu."

Wakili wa kampuni alisimama. Aliomba, kwa adabu yake ileile, ieleweke kwamba mama hana ruhusa ya kuingia kiwandani mpaka shauri liishe.

"Hilo halihitaji amri yangu," alisema Jaji. "Tuzo imeondoka, kwa hiyo kwa sasa yeye si mfanyakazi wa pale, na asiye mfanyakazi huingia kwa idhini ya mwenye mahali." Alimtazama mama, si kwa ukali. "Nakushauri, mama, usije ukajiharibia. Ulishitakiwa kwa uchochezi. Ukionekana umevamia kiwanda leo, msuluhishi mpya hatahitaji shahidi mwingine."

Katibu alisimama, uso umemwiva.

"Na mashine je, Mheshimiwa? Waya uko palepale. Watu wanafanya kazi hivi tunavyozungumza."

"Kuna ombi lolote mbele yangu kuhusu mashine?"

Katibu alipekua mafaili yake, ingawa alijua hakuna.

"Basi sina cha kuamuru. Yuko mkaguzi wa viwanda. Mwendeeni."

"Tulimwendea, Mheshimiwa. Alituambia hawezi kugusa jambo lililo mahakamani."

Jaji alivua miwani, akajifinya katikati ya macho. Kwa kitambo kidogo alionekana naye kama mtu aliyekaa kwenye benchi la ukumbini.

"Leteni ombi," alisema. "Nitalisikiliza litakapoletwa."

Akaondoka.

Nje, kwenye ngazi, wakili wa kampuni alimpita Mama Mvuke, akasita, akarudi.

"Mama, pole. Sikuwa najua kwamba waya ule upo kweli. Nisemeje... mimi nafanya kazi niliyopewa."

"Na mimi nilikuwa nafanya niliyopewa," alisema Mama Mvuke. "Nenda mwanangu. Koti limekukaa vizuri."

Kijana aliondoka ameinamisha kichwa.

Wifi alikuwa amesimama ngazi ya chini. Safari hii hakungoja aruhusiwe.

"Wifi, nisikilize, nipige ukitaka. Unakumbuka binti yako alisema amepata kibarua kwa fundi cherehani?"

"Nakumbuka. Kwani vipi?"

"Hayuko kwa fundi cherehani. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwetu. Meza ya kukunjia. Kazi safi, nilijua hakuna hatari. Alinisihi nisikwambie, alisema utakataa."

Mama Mvuke alimtazama kana kwamba anazungumza kutoka ng'ambo ya mto.

"Kaka yako anajua?"

"Anajua."

"Kwa hiyo nyumba nzima inajua ila mimi."

"Wifi..."

"Endelea. Hujamaliza. Nakuona hujamaliza."

Wifi alianza kulia. "Msimamizi alisema atanitoa kwenye roli anipeleke meza ya kukunjia. Mimi nikafurahi. Sikujiuliza mtu wa meza ya kukunjia ataenda wapi. Juzi asubuhi nikaona. Alitubadilisha, wifi. Mimi kwake, yeye kwangu."

Gari lilipita. Mtu akaita muuza karanga. Mama Mvuke hakusikia chochote.

Mwanawe wa kwanza, aliyemaliza shule juzijuzi, anayetandika kitanda kama anafunga zawadi. Yuko kwenye roli.

"Piga simu!"

"Simu zetu zinafungiwa kabatini, unajua. Mpaka jioni."

Mama Mvuke aligeuka, akamkamata Katibu aliyekuwa anashuka ngazi na mafaili yake.

"Ombi. Jaji kasema tulete ombi. Tulipeleke sasa."

Masijala ilikuwa chumba chenye dirisha dogo la vyuma. Nyuma yake alikaa karani mwenye mafua.

"Ombi la dharura," alisema Katibu. "Kusimamisha mashine."

"Limetokana na uamuzi gani?"

"Wa leo. Wa sasa hivi."

"Nakala iko wapi?"

"Umetoka kusomwa tu, ndugu yangu. Hata wino haujakauka."

"Haujachapwa, ndiyo kusema." Karani alipenga kamasi kwa upole. "Siwezi kupokea ombi linalotokana na uamuzi ambao haupo."

"Haupo vipi na umenifuta kazi?" alisema Mama Mvuke.

"Upo, mama. Ila bado haujachapwa. Njoo kesho kutwa. Kesho mwenye mhuri hayupo."

"Mwanangu yuko kwenye mashine!"

Karani aliacha kitambaa. Alimtazama vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye watoto.

"Mama yangu, nikikugongea karatasi bila mhuri, wataitupa. Nitakuwa sijakusaidia. Kweli kabisa."

Huyo naye alikuwa na sababu yake. Mama Mvuke alicheka, kicheko kikavu kilichomtisha Katibu, kisha akatoka mlangoni, akashika barabara.

"Mama! Unakwenda wapi? Umesikia Jaji alivyosema!"

Aliongeza mwendo.

Mlinzi wa geti la nyuma la kiwanda alimwona kutoka mbali. Walikuwa marafiki wa miaka mingi, maana shati lake la kazi lilinyooshwa na mama huyuhuyu kila Jumatatu. Alitoka kwenye kibanda akanyoosha mkono.

"Mama Mvuke, usinitie matatani. Wamepiga simu sasa hivi kutoka ofisini. Ukionekana hapa niite polisi."

"Siingii. Niitie binti yangu tu. Aje hapa getini, nimwambie neno moja."

"Siruhusiwi kuacha geti."

"Mtume mtu."

"Nimtume nani? Wote wako kazini."

Mama Mvuke alisimama pale pale kwenye mstari wa njano uliochorwa chini, mpaka wa geti. Upande huu alikuwa mdai mwenye shauri litakaloanza upya, na huenda siku moja akashinda. Upande ule alikuwa mchochezi aliyevamia. Aliijua hesabu hiyo, hakuhitaji wakili.

Kutoka ndani ulisikika mngurumo wa roli. Aliujua kama mtu anavyojua kukoroma kwa mumewe. Unapanda shuka linapoingia, unashuka linapotoka. Alisikiliza kila mpando na kila mshuko.

"Mlinzi, nakuomba."

"Mama, nina watoto."

"Na mimi nina watoto, ndiyo maana nimesimama hapa."

Akaita jina la binti yake kwa sauti yote. Mngurumo ukalimeza. Akaita tena. Njiwa waliruka juu ya paa, basi.

Mlinzi alikuwa ameshika simu. Kidole chake kilikuwa juu ya vitufe, hakibonyezi.

Ndipo mngurumo ukakatika.

Haukupungua, ulikatika. Kengele ya mapumziko haikuwa imelia. Mvuke ulitoka kwenye bomba la ukutani kwa pumzi moja ndefu, ukaisha, na kiwanda kizima kikawa kimya hata tone la maji lilisikika.

Mlinzi alitazama simu. Akamtazama mama. Akaishusha simu, akageuka akautazama ukuta.

"Mimi sijaona mtu," alisema.

Mama Mvuke alitazama mstari wa njano. Ndani, sauti ya msichana ikapasua kimya kile kwa neno moja.

"Mama!"

Wasichana walikuwa wengi mle ndani, na yeyote angeweza kuita hivyo. Mama Mvuke hakungoja kujua ni wa nani. Akavuka.